Siasa ya Tajiri na Kimya cha Mtumishi

Katika maneno yanayokubaliwa upesi na kuchunguzwa kwa nadra, sidhani kama lipo lenye bahati kuliko hili: kwamba kazini si mahali pa siasa, na kwamba kampuni yenye busara hujitenga na mambo ya dola, ikauza bidhaa zake, ikalipa ujira na kodi, na ikawaachia wanasiasa mashindano yao. Hulisema tajiri kwa kuwa linampa raha. Hulisema msimamizi kwa kuwa amelisikia kwa tajiri. Na, ajabu kubwa zaidi, hulisema mtumishi mwenyewe, ambaye ndiye pekee anayefungwa mdomo nalo. Rai yangu ni kwamba neno hili halijapata kuwa kweli tangu kampuni zilipoanza kuwapo, na kwamba kila linapotiwa nguvu likawa kanuni, haliiondoi siasa kazini, bali huigawa kwa namna ambayo mmoja hupata yote na mwingine hukosa hata chembe.

Mtu wa pwani hii hana haja ya kusafiri kutafuta ithibati. Mwaka 1888 Sayyid Khalifa bin Said, Sultani wa Unguja, alitia sahihi mkataba uliowakabidhi Wajerumani utawala na forodha za Mrima uliokuwa chini yake. Na walioupokea mkataba ule hawakuwa mabalozi wala majemadari, bali ni kampuni, yenye wanahisa, makarani na daftari la faida na hasara. Mwezi Agosti maofisa wa kampuni hiyo walitweka bendera yao Pangani, wakaanza kuwadai watu hati za mashamba waliyorithi kwa wazee wao, na kuwaamrisha wenyeji wenye heshima zao kama waamrishwavyo vibarua bandarini. Ndipo walipoinuka Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, pwani ikawaka moto, na serikali ya Berlin ikalazimika kumleta Wissmann na askari wake kuiokoa biashara iliyokuwa imeshindwa kujiokoa. Abushiri alinyongwa mwezi Desemba 1889. Upande wa Mombasa, kampuni ya Mackinnon ilipata hati ya Malkia Victoria mwaka ule ule wa 1888, ikatawala hadi ilipochoka na kuikabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza mwaka 1895.

Sisemi kwamba kila duka la leo ni Kampuni ya Kijerumani, na msomaji atakayenisingizia hivyo atakuwa amenionea. Nasema kwamba kampuni, kwa asili yake, ni mtoto wa dola: sheria ndiyo inayoipa jina na uhai, sheria ndiyo inayomkinga mwanahisa asidaiwe zaidi ya hisa zake, na sheria ndiyo inayoamua kama bandari itajengwa kwake au kwa jirani, kwa hiyo hakuna kampuni kubwa isiyokuwa na watu wake wa kubisha hodi kwenye milango ya mawaziri. Anayetaka kujua kama tajiri wake ana siasa na asimtazame mdomoni. Amtazame mkononi, aone fedha zinakwenda wapi.

Chukua kisa cha Coinbase, kampuni ya Marekani inayouza na kununua sarafu za kidijitali. Katikati ya mwaka 2020, baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na askari, watumishi wake walimtaka mkuu wao, Brian Armstrong, atamke hadharani kwamba maisha ya watu weusi yana thamani. Naye alipositasita, baadhi yao waliacha kazi kwa siku hiyo. Mwezi Septemba akaandika waraka mrefu akisema kwamba kampuni yake ina kazi moja tu, na kwamba mambo ya jamii na siasa yasiyohusu kazi hiyo hayatazungumzwa tena humo. Na asiyeridhika alipewa njia ya kutokea, pamoja na mshahara wa miezi minne au sita kwa kadiri ya muda aliotumika. Watumishi wapatao 60, yaani kama asilimia 5, walichukua fedha wakaenda zao. Wengi walimsifu Armstrong kwa ujasiri. Wapo waliosema kwamba hatimaye amepatikana tajiri aliyerudisha adabu kazini.

Adabu hiyo ilidumu mpaka ilipofika zamu ya fedha. Katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2024, Coinbase ilikuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa kabisa wa Fairshake, mfuko ulioundwa kuwainua wagombea wanaozipenda sarafu za kidijitali na kuwaangusha wasiozipenda, ikiutilia makumi ya mamilioni ya dola. Na kabla ya hapo, mwaka 2023, kampuni iliasisi jumuiya ya kuwapanga wapiga kura na kuwapima wanasiasa mmoja mmoja kwa alama, kama mwalimu apimavyo wanafunzi. Nami najua jibu la Armstrong, maana alikwisha kuliweka tayari katika waraka wake wa 2020: siasa inayohusu kazi ya kampuni ilikuwa imeachiwa mlango tangu mwanzo. Hakusema uwongo. Lakini mtazame mlango huo kwa makini, kwa sababu nyumba nzima imejengwa juu yake. Siasa inayoleta faida huitwa kazi, na isiyoleta faida huitwa siasa. Mwenye kuamua ipi ni ipi ni yule yule anayekula faida. Na mtumishi mweusi anayeogopa kuuawa na askari njiani akirudi nyumbani huambiwa kwamba hofu yake haihusiani na shughuli za kampuni, ilhali kodi ya sarafu, ambayo wengi wa watumishi hao haiwagusi usingizini, inahusiana nazo sana hata ikastahili mamilioni. Hiyo haiwi hali ya kutopendelea upande. Ni upande uliokwisha kuchaguliwa, kisha kikao kikafungwa.

Wengine watasema kwamba watumishi hawana ujuzi wa mambo makubwa, na kwamba tajiri ndiye aonaye mbali. Wanaosema hivi hawajui habari za Caroline Hunter na Ken Williams. Hawa walikuwa watumishi wa kampuni ya kamera ya Polaroid huko Cambridge, Massachusetts, Hunter mkemia na Williams mpiga picha, nao mwaka 1970 waliona kazini mwao mfano wa kitambulisho cha idara ya migodi ya Afrika Kusini. Wakafuatilia, wakagundua kwamba kamera za kampuni yao, zitoazo picha kwa sekunde 60, zilikuwa zikitumika kutengeneza pasi walizolazimishwa kubeba Waafrika wa nchi ile kila waendako. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa pasi ni nini. Wazee wake walivishwa kipande shingoni. Watumishi hao wawili walibandika karatasi kwamba Polaroid inamfunga mtu mweusi kwa sekunde 60, wakaitisha maandamano, wakataka kampuni ijitoe Afrika Kusini. Wote wawili walipoteza kazi. Kampuni ilijitetea, ikatangaza katika magazeti mpango wa kuwaongezea mishahara na elimu wafanyakazi weusi wa wakala wake kule, ikaahidi kwamba haitaiuzia serikali ya ubaguzi. Na mwaka 1977, ilipofichuka kwamba wakala huyo alikuwa akiendelea kuiuzia serikali hiyo kwa siri, Polaroid ikafunga biashara yake huko. Miaka saba ilipita baina ya watumishi kusema na tajiri kukiri kwa vitendo kwamba walisema kweli. Nami nauliza: katika miaka saba hiyo, siasa ilikuwa imeletwa kazini na nani, yule aliyebandika karatasi ukutani au yule aliyetia sahihi ya mauzo?

Kanuni ya kwamba mtumishi achague baina ya kazi na siasa tuliijua kabla ya Wamarekani hawa. Mwaka 1953 serikali ya Tanganyika iliwakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na vyama vya siasa, na kwa kuwa wakati ule waliosoma walikuwa aghalabu makarani, waganga na walimu wa serikali, kusema hivyo kulikuwa sawa na kukitaka chama kiendeshwe na watu wasiojua kusoma barua ya gavana. Mwalimu wa Pugu, Julius Nyerere, hakuwa mtumishi wa serikali bali wa shule ya misheni; lakini alipokwisha kurudi kutoka Umoja wa Mataifa mwaka 1955, naye alikabiliwa na swali lile lile, akaacha kufundisha. Historia humsifu kwa uamuzi huo, na ni haki yake. Ila sifa hiyo isitusahaulishe walio wengi, wenye watoto na madeni, ambao walichagua mshahara wakanyamaza. Maana kanuni ya namna hii haikuundwa kwa ajili ya mashujaa. Iliundwa kwa ajili ya hao wengine, na kwao ilifanya kazi barabara.

Sasa nije kwenye hoja nzito ya upande wa pili, ambayo ni ya watu wema na haifai kupuuzwa. Husema: nchi zetu zina makabila na vyama vinavyoshikamana, na tumekwisha kuona moto wake, waache watu kazini wafunge maua na kupakia masanduku, wasiulizane walimpigia nani kura. Naheshimu hofu hii. Lakini ukumbuke Naivasha katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwezi Januari 2008, ambako wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua waliotoka magharibi mwa Kenya walifukuzwa makwao wakakimbilia vituo vya polisi: hawakuwindwa kwa sababu walijadiliana siasa mabandani, bali kwa sababu ya majina yao na lugha za mama zao, na waliowawinda waliona kwamba wanajua kura zao bila ya kuziuliza. Kunyamaza hakukuwakinga hata kidogo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na watu waliokatazwa kuyasema yaliyomo mioyoni mwao mchana hawaachi kuyasikiliza usiku, kwa waongo.

Naomba vilevile nisieleweke kuwa nataka kampuni zihubiri. Hakuna kinichoshacho kama benki inayopaka nembo yake rangi ya msiba wa wengine kwa juma moja, kisha ikarudi kwenye rangi yake. Baada ya ghasia za Januari 2021 katika Bunge la Marekani, kampuni nyingi zilitangaza kwa sauti kubwa kwamba zinasitisha michango kwa wabunge 147 waliopinga kuthibitishwa kwa matokeo ya uchaguzi. Haukupita muda mrefu, kadhaa kati ya hizo zikaanza kuchanga tena, safari hii bila ya tangazo. Na lililo baya kuliko mahubiri ni tajiri anayewapakia watumishi wake katika lori kwenda mkutano wa hadhara, wakiwa wamevaa fulana za chama chake, huku msimamizi akihesabu vichwa. Hilo ni dhulma, na hutendwa aghalabu na wale wale ambao siku nyingine zote husema kazini hakuna siasa.

Sheria zetu zimeona mbali kuliko kanuni za ofisi. Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, na ile ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007, zote zinakataza mtu kubaguliwa kazini kwa sababu ya rai yake ya kisiasa, zikiiweka rai hiyo safu moja na kabila, rangi na dini. Hazikusema rai hiyo iachwe getini pamoja na mwavuli. Zimechukulia kwamba mtu ataingia nayo, na zikamkinga. Nawatoa hakimu, msimamizi wa uchaguzi na askari, ambao kazi yao yenyewe ni kutokuwa na upande, na ambao raia akiwashuku haki huharibika. Muuza saruji, mwenye benki na mwenye mtandao wa simu hawamo katika daraja hilo, wala hawajapata kuomba wawemo inapofika siku ya kugawa zabuni.

Basi nitakalo si kubwa. Kampuni iandike katika taarifa yake ya mwaka kila shilingi iliyotoa kwa chama, mgombea, mfuko wa kampeni au wakala wa kubisha hodi serikalini, na iandike ilitaraji nini. Tayari wapo wanahisa wanaosimama katika mikutano mikuu kuuliza fedha hizo zimekwenda wapi, na mara nyingine hujibiwa, kwa kuwa fedha ni zao. Lakini fedha hizo zilichumwa na watu waliosimama mashineni saa nane kwa siku, nao pia wapewe kiti katika mkutano huo, waulize swali lile lile kwa majina yao wenyewe, na kesho yake asubuhi wakute kadi zao za kazi bado zinafungua mlango.