Chakula cha mgonjwa wa presha kiwe cha nyumba nzima

Swali ninaloulizwa mara nyingi kliniki, na wagonjwa wa presha na hata wazazi wenye watoto wanaokaribia mitihani, ni hili: "Daktari, tule nini ili damu ifike vizuri kwenye ubongo?" Wengi hutarajia nitaje kitu kimoja: kitunguu saumu, tangawizi, au ule unga unaouzwa stendi kwamba unasafisha mishipa. Jibu langu huwa fupi. Kabla ya kuongeza chochote, punguzeni chumvi. Na msimpunguzie mgonjwa peke yake.

Ubongo wa mtu mzima una takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ambayo mwili unaitumia ukiwa umepumzika. Hauna ghala la akiba. Damu ikikatika kwa dakika chache, seli zake huanza kufa. Ndiyo maana mishipa yake ina utaratibu wa kujilinda: presha ikipanda hujibana, ikishuka hutanuka, ili damu inayopita ibaki kiwango kilekile.

Chumvi nyingi huuchosha utaratibu huo taratibu. Sodiamu iliyomo ndani yake huzuia maji yasitoke mwilini, ujazo wa damu unaongezeka na presha inapanda. Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa midogo ya ubongo hunenepa na kukakamaa, na njia ya damu inakuwa nyembamba. Siku moja mshipa unaziba au unapasuka, na hicho ndicho kiharusi. Wengine hawaanguki. Ubongo wao unakosa damu kidogo kidogo, mzee anaanza kusahau na kupoteza mwelekeo, sisi tunasema ni umri.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Hapo imehesabiwa chumvi yote: ya mboga, ya mkate, ya samaki waliokaushwa kwa chumvi, ya viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi, na ile ya kunyunyiza juu ya chipsi. Magadi tunayotia kwenye maharage na mlenda nayo yana sodiamu, hata kama ulimi hausikii chumvi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na desturi ya nyumba nyingi. Baba akigundulika ana presha, anatengewa kisufuria chake. Mboga yake haina chumvi kabisa, wenzake wanaendelea kama zamani. Matokeo yake tunayaona kliniki. Mgonjwa anachoka, kwa sababu chakula kinachofanana na adhabu hakidumu, na baada ya wiki chache anarudi kwenye bakuli la wenzake. Mpishi naye anapika mara mbili na kuchoma mkaa mara mbili.

Lakini hasara kubwa ni ya watoto. Presha hutembea ndani ya ukoo, kwa hiyo watoto wa mgonjwa ndio wenye sababu zaidi ya kujikinga, na ndio tunaowaachia chungu chenye chumvi nyingi. Ulimi hufundishwa mapema. Mtoto aliyezoea mchuzi mkali wa chumvi nyumbani, na maembe mabichi ya chumvi na pilipili nje ya geti la shule, ataona chakula cha kawaida hakina ladha akiwa mkubwa.

Najua nitaambiwa chumvi ni jambo dogo. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa China uliohusisha karibu watu 21,000 katika vijiji 600, wengi wao wakiwa wamewahi kupata kiharusi. Nusu ya vijiji walipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu badala ya sodiamu. Baada ya takribani miaka mitano, kiharusi kilikuwa pungufu kwa asilimia 14 kwa waliotumia chumvi hiyo. Kilichobadilishwa ni chumvi tu. Hata hivyo, mwenye ugonjwa wa figo asitumie chumvi ya aina hiyo bila kumuuliza daktari.

Potasiamu tunayo pia sokoni: ndizi, maharage, mchicha, viazi vitamu, parachichi. Husaidia figo kutoa sodiamu.

Anzeni hivi. Ondoeni kikopo cha chumvi mezani. Punguzeni chumvi ya kupikia kidogo kila wiki, kwani ulimi huzoea ndani ya wiki kadhaa. Ladha itafuteni kwenye ndimu, nyanya, bizari, tangawizi na hicho kitunguu saumu. Hiyo chumvi kidogo inayobaki iwe yenye madini joto. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiongezewe chumvi kwenye uji wala mboga. Na mgonjwa asiache vidonge vyake kwa sababu sasa anakula vizuri. Chakula na dawa vinafanya kazi pamoja.

La mwisho. Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono au mguu mmoja ukilegea, au maneno yakigoma kutoka, damu imeshakosekana sehemu fulani ya ubongo. Msimpe chai, maji ya sukari wala kidonge, maana anaweza kushindwa kumeza na akapaliwa. Angalieni saa dalili zilipoanza, kisha mpelekeni hospitali wakati huohuo, msisubiri asubuhi.