Usiniambie GB Ngapi, Niambie Draiva Yake

Orodha ya vifaa vya chumba chetu cha video imebandikwa ubaoni tangu wiki iliyopita, na kikao cha kuipitisha ni Jumamosi. Kwa ambao hamjaiona: kompyuta 8 za mezani za mtumba, prosesa Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, na kila moja iongezewe kadi ya grafiki GeForce GT 730 ya GB 2. Fedha ni michango yetu wenyewe, ile tunayobanana bumu likiingia. Mfumo utakaowekwa ni Linux, na hapo kamati imefanya la maana. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizipokei rasmi prosesa za Intel za kizazi cha 6. Ama twende na Linux, ama tununue mashine mpya, na bei za mashine mpya tunazijua.

Ninachopinga ni ule mstari mmoja wa kadi. Wajumbe niliowauliza walinijibu "ina GB 2, inatosha." Sawa. Lakini draiva yake je? Hapo kila mtu akaangalia simu yake.

Draiva, kwa walio mbali na mambo haya, ni programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuzungumza na kifaa. Wapo wanaosema kiendeshi. Mimi naandika draiva kwa sababu ndivyo fundi wa Kariakoo atakavyokuelewa ukimuuliza. Kadi ya grafiki isiyo na draiva ni chuma chenye feni tu. Na draiva ziko za aina mbili. Kuna iliyo huria, ambayo msimbo wake uko wazi na kwa kawaida umo ndani ya kiini cha Linux chenyewe. Na kuna iliyofungwa, ambayo kampuni inakupa kama kopo la bati: tumia, usifungue.

Tofauti hiyo wengi wanadhani ni ya imani, mambo ya watu wenye ndevu wanaobishana usiku kucha. Ni ya kazi kabisa. Kiini cha Linux hutoka toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10, na kila toleo hubadilisha vitu vya ndani. Draiva iliyomo ndani ya kiini ni mtu wa familia: anayebadilisha kiini anawajibika kuirekebisha na hiyo draiva, familia ikihama inahama nayo. Draiva iliyofungwa ni mpangaji. Nyumba ikivunjwa ukuta, mwenye nyumba hamngoji mpangaji, ni kampuni ndiyo iharakishe kutoa draiva mpya inayoendana na kiini kipya. Kampuni ikiwa bado inaiuza kadi hiyo, itaharakisha. Ikishaacha kuiuza, ina sababu gani?

Sasa turudi kwenye GT 730 yetu. Ilitoka mwaka 2014, na chini ya jina hilo moja Nvidia iliuza chipu mbili tofauti: nyingine ya kizazi cha Fermi, nyingine ya Kepler. Boksi ni lilelile, jina ni lilelile. Ile ya Fermi hutumia draiva za mfululizo wa 390, ambao Nvidia iliacha kuuhudumia mwishoni mwa 2022. Ile ya Kepler hutumia mfululizo wa 470, nao uliachwa 2024. Maana yake tunachanga pesa mwaka huu kununua kadi ambayo, kwa upande wa draiva iliyofungwa, mwenyewe ameshaiaga. Na hata tukitaka kuchagua kati ya chipu hizo mbili, muuzaji mwenyewe hajui anatuuzia ipi.

Kuna atakayesema ipo nouveau, draiva huria ya kadi za Nvidia. Ipo kweli, na waliotengeneza wanastahili heshima. Waliijenga kwa kuichunguza kadi kutoka nje, bila msaada wa kampuni, hadi ikaingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2010. Kwa kadi hizi za zamani itakupa picha, utaandika, utafungua video. Tatizo ni kwamba haiipandishi kadi mwendo yenyewe, kwa hiyo umenunua kadi ya ziada ili itembee polepole. Kwa kadi zilizofuata ndiyo mbaya zaidi. Kuanzia mfululizo wa GTX 900, Nvidia iliweka programu za ndani ya chipu zenye sahihi ya kampuni, na bila hizo nouveau haiwezi kubadilisha mwendo kabisa. GTX 1050 Ti inayosifiwa sana hosteli, ukiitumia na nouveau, inabaki kwenye mwendo iliowaka nao. Na mwaka 2025 Nvidia ilitangaza kwamba mfululizo wa 580 ndio wa mwisho kwa kadi za umri huo. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kama sisi, aliwahi kuionyesha kampuni hiyo kidole cha kati mbele ya kamera kwenye Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, mwaka 2012. Mimi mwalimu mtarajiwa siwezi kuonyesha kidole. Naandika makala.

Tusidanganyane hata hivyo, mambo yamesogea. Mei 2022 Nvidia ilifungua msimbo wa ile sehemu ya draiva inayokaa ndani ya kiini, kwa kadi za kizazi cha Turing kwenda mbele, yaani GTX 1650, RTX 2060 na wenzao. Sehemu ya juu, inayochora hasa, bado imefungwa. Ni hatua, ila haiigusi kadi iliyo kwenye orodha yetu.

Linganisha na Radeon HD 5450. Hii ni kadi ya mwaka 2010, dhaifu, hata gemu la mpira la zamani linaihangaisha. AMD yenyewe iliitoa kwenye huduma ya kawaida ya draiva zake mwishoni mwa 2015. Ila mwaka 2007 kampuni hiyo ilianza kutoa maelezo ya kiufundi ya chipu zake kwa waandishi wa draiva huria, na draiva iitwayo radeon imo ndani ya kiini. Hadi leo ukiichomeka kadi hiyo kwenye Linux mpya, inawaka bila kuulizwa wala kupakua kitu kwa bando lako. Kampuni iliondoka, kazi ikabaki kwa watu. Kiswahili chetu kinalijua hilo: mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, mimi nikiwa bado nanyonya. Uliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na hakuna aliyehitaji kupigiwa magoti.

Kwa nini mwanafunzi wa elimu anajisumbua na haya badala ya kuandaa andalio la somo? Kwa sababu mwakani tutapangwa shule, na shule nyingi tunazokwenda hazina fundi. Kwenye shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha, chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine 9, nne kati yake zimefunikwa kanga. Nikaambiwa ni mbovu. Mwalimu anayezisimamia, ambaye pia ana hesabu za vidato viwili, alinieleza kuwa siku moja zilisasishwa, zikawashwa, kioo kikawa cheusi. Kadi zake zilitegemea draiva iliyofungwa. Intaneti ya shule ilikuwa simu yake mwenyewe. Fundi wa mjini alitaka nauli ya kwenda na kurudi, kulala, na "pesa ya kuangalia tu." Kwa hiyo kanga.

Nilimwomba tuzichomoe zile kadi. Tukachomeka waya wa monita kwenye tundu la madabodi, lile la grafiki iliyomo ndani ya prosesa. Tatu zikawaka palepale. Ya nne ilikuwa mbovu kweli. Wanafunzi wa kidato cha pili waliokuwa wakikaa wanne kwenye mashine moja wakapungua wakawa watatu. Sikufanya uganga wowote pale, na mwalimu yule angeweza kuyafanya yote mwenyewe kama kuna mtu angemwambia. Lakini mashine zilikuwa zimelala mihula miwili.

Ndiyo maana pendekezo langu la kwanza kwa kamati litawashangaza: msinunue kadi yoyote. Core i5 nyingi za kizazi cha 6 za mezani, kwa mfano i5-6500, zina grafiki ya Intel HD 530 ndani yake. Draiva yake, i915, ni huria na imo kwenye kiini. Inafungua video za H.264 na HEVC bila kuichosha prosesa, na kwa kazi yetu ya kukata somo la majaribio la dakika 15 na kuweka maandishi chini yake, inatosha na chenji inabaki. Pesa ya kadi 8 iende kwenye RAM na diski za SSD. Hapo ndipo mtu atasikia tofauti.

Kama kamati itaona lazima iwepo angalau mashine moja yenye nguvu, basi iwe Radeon ya kizazi cha Polaris, RX 550 au RX 570, zilizotoka 2017 na zinazotumia draiva ya amdgpu. Angalieni umeme pia. Kompyuta ndogo za ofisi zina kiboksi cha umeme cha wati chache. RX 550 hula takriban wati 50 na haihitaji waya wa ziada, wakati RX 570 inautaka waya huo, na nyingi sokoni zilishachimbishwa sarafu za mtandaoni usiku na mchana kabla hazijafika kwetu.

Kuna wenzangu wa programu huria watakaonisuta kwamba hata amdgpu hupakia ndani ya chipu programu ndogo ambazo msimbo wake umefungwa. Ni kweli. Debian walipigia kura jambo hilo mwaka 2022, wakakubali kuziweka programu za namna hiyo kwenye diski rasmi ya kusakinishia, na nadhani walikuwa sahihi. Programu hizo zinakuja na mfumo wenyewe, kiini kikibadilika haziharibiki. Mimi nataka mashine iwake Namtumbo baada ya miaka 8, usafi wa moyo tutautafuta taratibu.

Na wale wa sayansi ya kompyuta wanaofundisha mashine kwa CUDA, sina ugomvi nanyi. CUDA ni ya Nvidia, kozi zenu zimejengwa juu yake, nunueni Nvidia ya Turing au mpya zaidi muendelee na maisha. Msitushauri tu sisi wa kukata video kana kwamba tuna shida zenu.

Sokoni sasa. Kuna kadi za Nvidia za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Ni utapeli unaojulikana dunia nzima. Kuna RX 580 yenye maandishi 2048SP, ambayo kwa hakika ni RX 570 iliyovalishwa jina. Usimwamini muuzaji, wala stika. Nenda na flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, omba mashine iwashwe nayo, fungua terminali uandike lspci -k. Utaona jina la chipu, na chini yake draiva inayotumika: i915, amdgpu, radeon, nouveau. Kisha fungua maelezo ya mfumo uangalie mahali pa grafiki. Ukikuta neno llvmpipe, kadi imelala na prosesa ndiyo inayochora kila kitu. Muuzaji akikataa flashi yako isichomekwe, mshukuru, nenda duka la pili.

Jumamosi nitaomba mstari wa kadi ufutwe, na mahali pake paandikwe: "grafiki ya ndani ya prosesa, yenye draiva huria iliyomo kwenye kiini cha Linux, ijaribiwe dukani kabla ya malipo." Flashi yangu yenye Debian nitakuwa nayo. Anayetaka nakala aje na yake ya GB 8, kuinakili ni dakika kumi hivi.