Mrututu Hauozi: Tuwaulize Nyungunyungu

Ndugu Wakulima,

Dawa ya shaba, mrututu na jamii yake, imelinda kahawa ya Kenya kwa miaka mingi. Siilaumu. Aliyeacha kunyunyiza ameona matunda yakigeuka meusi na kuanguka. Lakini yafaa mjue kwamba shaba ni madini, haiozi. Mvua huiteremsha kutoka majanini, na nyingi hubaki katika udongo wa juu, penye mizizi midogo na nyungunyungu. Mashamba ya kahawa ya zamani nchini yalipopimwa, yalionekana yamelundika shaba.

Wengine husema, "Kahawa yangu bado yazaa, nyungunyungu wana kazi gani?" Wana kazi kubwa. Ndio wanaovuta majani makavu chini, wakatoboa njia za hewa na maji ya mvua. Tukingoja mpaka tuwaone wamekufa, tumechelewa.

Wataalamu wanayo njia ya kujua mapema, nayo huitwa metabolomiki. Maana yake ni kupima kwa pamoja vitu vidogo vidogo ambavyo mwili hutengeneza na kutumia: sukari, mafuta, asidi-amino na kadhalika. Nyungunyungu husagwa, maji yao yakapimwa kwa mashine ya sumaku kali, kisha wakalinganishwa na wale wa udongo safi. Huko Uingereza, nyungunyungu waliotiwa katika udongo wenye shaba walionekana na histidini nyingi kupita kawaida. Histidini ni asidi-amino inayoshikamana na shaba. Kama vile ng'ombe mgonjwa apunguzavyo maziwa kabla hajaanguka, mwili wa nyungunyungu nao hutoa habari kabla hajafa.

Maoni yangu ni kwamba kipimo hiki kisiachiwe nchi za mbali. Mashine ni ghali, wala hatuhitaji moja kila kaunti. Maabara moja ya taifa ingetosha kupokea nyungunyungu na udongo kutoka skimu zetu. Viende vyote viwili, kwa sababu njaa na ukame pia hubadilisha mwili wa mnyoo, na dalili moja haitoshi kutoa hukumu. Liulizeni jambo hili katika mikutano ya chama chenu cha ushirika.

Wakati tunangoja, fanyeni haya:

1. Changanyeni dawa kwa kipimo kilichoandikwa, wala msizidishe.
2. Andikeni kila mnyunyizo, tarehe na kiasi. Mali bila daftari huisha bila habari.
3. Msioshee bomba mtoni.
4. Mnapopanda upya, chagueni Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, au Batian ya mwaka 2010. Zote mbili hustahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani, hivyo dawa hupungua.

Mashamba haya wazee wetu waliyalipia kwa mkopo, shilingi kwa shilingi. Deni la shaba halina risiti, na watakaolilipa ni watoto wetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Karani, Ofisi ya Kilimo