Kamera inalipa, lakini picha ni ya nani?

Pita Kenyatta Avenue Jumapili mchana, saa zile maduka mengi yamefungwa na magari yamepungua. Utawapata vijana wenye kamera shingoni wakiita wapita njia: "Sista, picha moja tu, hamsini bob!" Msichana anasimama kando ya barabara, anageuza shingo, kamera inalia mara sita. Jioni picha ziko kwenye simu yake, kesho ziko mtandaoni.

Nilikuwa mmoja wa hao vijana. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, nikaazima kamera kuukuu ya binamu yangu na kuingia mtaani. Nawajua wasee waliolipa nyumba na kusomesha wadogo wao kwa hizo hamsini hamsini. Kwa hivyo asije mtu hapa kuniambia kupiga picha si kazi.

Swali langu ni lingine. Mbona wengi wetu tunapiga picha miaka nenda miaka rudi, watu wanazipenda, na bado hakuna anayejua majina yetu?

Tumtazame Thandiwe Muriu. Huyu ni dada wa hapa hapa Nairobi. Hakusomea upigaji picha darasani. Babake alimfundisha kushika kamera akiwa na miaka 14, mengine akajifunza mwenyewe. Akaingia kwenye picha za matangazo ya biashara, uwanja uliojaa wanaume, na akafanya vizuri. Lakini wewe mwenyewe unajua tangazo lilivyo. Bango huandikwa jina la sabuni. Jina la aliyepiga picha huwezi kuliona hata ukipanda ngazi.

Kilichomtoa ni kazi ambayo hakuna mteja aliyemwagiza. Aliuita mfululizo huo Camo. Anachukua kitenge chenye rangi kali, anakitandaza nyuma ya mwanamke, halafu nguo ya huyo mwanamke inashonwa kwa kitambaa kile kile. Ukitazama haraka, mwili unapotea kwenye maua ya kitambaa. Ukitazama tena, uso unakukodolea macho na huwezi kuuepuka. Nywele zinasukwa kwa mitindo ya zamani ya Kiafrika. Miwani anaiunda kwa vitu vya kawaida vya jikoni na vya saluni, na picha anaziambatanisha na methali. Leo picha hizo zimeonyeshwa Paris na katika miji mingine mikubwa, na jina lililo chini yake ni lake.

Ona alikopata wazo. Hakwenda mbali. Kitenge kiko sokoni, fundi yuko kibandani, msusi yuko mtaani, methali tumezisikia kwa nyanya. Sisi wengine tunashinda tukiiga rangi na mikao ya picha za New York, halafu tunashangaa mbona zetu zinafanana na za kila mtu.

Osborne Macharia naye alipita njia kama hiyo. Alikuwa akisomea usanifu wa majengo chuoni JKUAT kabla ya kamera kumteka. Akaanza kubuni hadithi zake, kama ile ya nyanya wastaafu wanaovaa wakavalia na kuzunguka dunia kwa raha zao. Mwaka wa 2018, kampuni ya Marvel ilipotaka kazi ya sanaa ya kuambatana na filamu ya Black Panther, ilimtafuta yeye, na akatengeneza picha za wazee Wamaasai wasioona. Waliompigia simu walikuwa wameona kwanza kile alichokuwa akikifanya bila kuagizwa.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa. Kampuni moja, sitaitaja, iliniita nipige picha za hafla yake. Nikalipwa elfu tatu, tukapeana mikono, nikaenda zangu. Miezi minne baadaye nikiwa ndani ya matatu Thika Road, naiona picha yangu kwenye bango, kubwa kama nyumba. Nilipouliza, nikajibiwa: "Si tulikulipa?" Nilikasirika nikaenda kusoma sheria, nikijua nitawanasa.

Wapi! Walikuwa sawa. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Mimi sikuwa nimekubaliana na mtu lolote. Nilikuwa nimesema tu "sawa boss".

Lakini sheria hiyo hiyo ina upande wa pili. Picha uliyoipiga kwa hiari yako, bila kuagizwa wala kuajiriwa, ni yako, na inalindwa kwa miaka 50. Ukiunganisha hapo na kisa cha Muriu, unaona mambo yanavyokaa. Kazi ya kuagizwa inalipa kodi ya nyumba mwezi huu. Kazi yako mwenyewe ndiyo unayoweza kuuza tena, kuonyesha, na kuitia jina.

Na tusijifanye malaika, kwa sababu sisi pia tunakosea watu. Yule dada wa Kenyatta Avenue uso ni wake. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka picha za wateja mtandaoni bila idhini yao. Kama klabu inaweza kupigwa hivyo, wewe na ukurasa wako wa kutafuta wafuasi mna kinga gani? Omba ruhusa kabla ya kuposti.

Ushauri wangu ni mdogo. Kabla ya kazi, tuma ujumbe mteja aujibu: picha hizi ni za matumizi gani, za muda gani, na hakimiliki inabaki kwa nani. Akitaka za bango, bei ya bango ni nyingine. Wengine watakataa na kumpigia kijana mwingine. Hiyo nayo naijua, imenifika mara mbili, na ndiyo sababu tunahitaji kulisema jambo hili kwa sauti moja badala ya kushushiana bei.

Halafu tenga siku moja ya wiki isiyo ya mteja yeyote. Mimi nimechukua Jumatatu. Naketi na mafundi wa viatu mtaani kwetu, nawapiga picha mikono tu, kwa ruhusa yao. Hakuna aliyeniagiza na bado hazijanipa hata shilingi. Lakini juzi mzee mmoja aliangalia picha ya mikono yake kwenye simu yangu, akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Kijana, kwani unaitwa nani?"