UCHAMBUZI: Sarufi ya Kiingereza yabaki kizingiti kwa watahiniwa wa darasa la saba Tabora

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Kila ifikapo mwezi Septemba, watahiniwa wa darasa la saba kote nchini huketi kufanya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi unaoandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Kwa watoto wa Mkoa wa Tabora mtihani huo una uzito wa pekee. Shule mbili za sekondari za Serikali zinazopokea wanafunzi wenye vipaji maalumu, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, zipo ndani ya Manispaa yao. Mtoto wa Kitete au Ng'ambo anaweza kuzipita kila siku, lakini ili aketi katika madarasa yake hana budi kushindana na watoto wa nchi nzima.

Nafasi katika shule hizo, kama zilivyo za Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Msalato, hutolewa kwa waliopata alama za juu zaidi, na orodha ya waliochaguliwa hutangazwa na TAMISEMI. Mtihani una masomo sita, kila moja likiwa na alama 50, hivyo jumla kuu ni alama 300. Katika kilele cha ushindani wa namna hiyo, wanaofanya vizuri Hisabati na Sayansi ni wengi, na pengo kati ya anayechaguliwa na anayebaki huweza kuwa alama chache mno. Kwa wanafunzi wanaosoma kwa Kiswahili, alama hizo chache mara nyingi hupotelea katika karatasi ya Kiingereza, somo ambalo kwa miaka mfululizo limekuwa miongoni mwa yale yenye ufaulu wa chini kitaifa.

Ni vema kutazama kwa undani alama hizo zinapotea wapi, kwa kuwa maelezo yanayosikika zaidi, kwamba "watoto hawajui Kiingereza", hayamsaidii mwalimu wala mzazi.

Sehemu kubwa ya karatasi hiyo ni maswali ya kuchagua jibu sahihi. Mtahiniwa hupewa sentensi yenye pengo, au sentensi nne zinazofanana huku moja tu ikiwa imenyooka kisarufi, au sentensi zilizochanganywa ili azipange upya. Maneno yenyewe huwa mepesi. Kinachopimwa ni kanuni, na makosa yanayofanywa hayatokei ovyo. Ukikaa na madaftari ya darasa la saba utaona makosa yaleyale yakijirudia kutoka Igunga hadi Kaliua, na karibu yote yana asili moja: mtoto anaandika Kiingereza kwa kufuata sarufi ya Kiswahili, lugha anayoimudu vizuri.

Mfano wa kwanza ni herufi moja tu, "s". Katika Kiswahili umoja na wingi hujitokeza mwanzoni mwa neno, na kitenzi hufuata nomino: mtoto anacheza, watoto wanacheza. Mtoto akishafundishwa kwamba wingi wa Kiingereza huonyeshwa kwa "s" mwishoni mwa nomino, anatarajia kitenzi nacho kifuate mkondo huohuo, kama kilivyofanya katika lugha yake. Kiingereza kinafanya kinyume. Husemwa "The boy plays" kwa mmoja na "The boys play" kwa wengi. "S" ikiwa kwenye nomino, haipo kwenye kitenzi. Mtahiniwa anayechagua "The boys plays" hakubahatisha. Ametumia upatanisho wa kisarufi kama alivyoufundishwa na mama yake, na kwa mantiki ya Kiswahili yuko sahihi kabisa. Asipoelezwa jambo hilo, ataambiwa amekosa mara ishirini na atakosa mara ya ishirini na moja.

Mfano wa pili ni kiambishi "ni" cha mahali. Mwanafunzi husema shuleni, mezani, kisimani, sokoni, bila kujiuliza kama kitu kiko ndani, juu au karibu. Muktadha humwelewesha msikilizaji. Kiingereza humlazimisha achague: "at school", "on the table", "in the well". Maneno matatu yanagawana kazi ambayo kwa Kiswahili imebebwa na silabi moja. Ndiyo maana katika maswali ya kujaza pengo, "in the table" huonekana jibu halali machoni pa mtoto mwenye akili timamu.

Vivyo hivyo katika njeo. "Ninaishi Urambo tangu mwaka 2020" ni sentensi safi ya Kiswahili. Ikipelekwa Kiingereza neno kwa neno huzaa "I am living in Urambo since 2020", na hapo alama imekwenda, kwa kuwa Kiingereza hudai "I have lived". Kuna pia maswali ya mkia, yanayopendwa na watunga mitihani. Kiswahili kina "sivyo?", neno moja linalotosha kwa nafsi zote na nyakati zote. Kwa Kiingereza mtahiniwa hana budi kutazama kitenzi, wakati, nafsi, na kama sentensi ni yakinishi au kanushi, kisha aandike "aren't they?" au "did she?" kulingana na yote hayo. Na katika "she" huyo limejificha jambo jingine, kwamba nafsi ya tatu ya Kiswahili haibagui mwanamume na mwanamke.

Upo pia mchango wa lugha za nyumbani. Wasemaji wengi wa Kinyamwezi na Kisukuma hawatenganishi "r" na "l", na mji wenyewe umeibeba tabia hiyo katika maandishi: mtemi maarufu wa karne ya 19 huandikwa Mirambo, ilhali sekondari inayoitwa kwa jina lake ni Milambo. Katika maswali ya kuchagua hilo halina madhara. Katika maswali machache ya kuandika jibu, "rice" ikigeuka "lice" maana hubadilika kutoka wali kuwa chawa.

Historia ya Tabora inaeleza kwa nini lugha hizi mbili zimekaa tofauti katika vichwa vya wakazi wake. Kiswahili kilifika hapa kwa miguu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika Unyanyembe, tawi moja likielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na jingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na mizigo na kurudi na maneno. Hakuna aliyewatahini. Walijifunza Kiswahili kwa kupatana bei, kuombana maji na kupiga soga kambini, na mji ulipounganishwa na reli mwaka 1912 lugha hiyo ilikuwa imekwisha kuwa ya wenyeji.

Kiingereza kilikuja kwa njia nyingine kabisa: ubao, daftari na mtihani. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1922, ilianzishwa na utawala wa Waingereza kwa kuwalenga watoto wa machifu, na lugha hiyo ilikuwa mlango wa kazi na madaraka. Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, na baada ya masomo ya Makerere alirejea Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's kati ya mwaka 1946 na 1949. Inafaa kukumbuka kwamba ni huyohuyo aliyekuja kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, "Julius Caesar" na "The Merchant of Venice". Umahiri wake wa Kiingereza ulikwenda sambamba na ufahamu wa kina wa Kiswahili, na hapo pana somo kwa wanaodhani kwamba mtoto atajua Kiingereza kwa kunyimwa Kiswahili.

Hali ya mtoto wa leo wa Sikonge au Uyui haijaachana sana na ile ya wakati huo. Kiswahili anakikuta sokoni, redioni na msikitini au kanisani. Kiingereza anakikuta katika vipindi vya darasani, na kengele ikilia kimekwisha. Kwa sababu hiyo mazoezi ya kusahihisha sentensi hubeba mzigo mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa wanafunzi wengi hayo ndiyo mahali pekee wanapokutana na Kiingereza kilichoandikwa na kulazimika kukifikiria.

Namna mazoezi hayo yanavyofanyika ndipo penye hoja. Katika miezi ya mwisho kabla ya mtihani, shule nyingi hugawa karatasi za miaka iliyopita na mitihani ya majaribio, moja baada ya nyingine. Mwalimu husoma majibu: swali la kwanza B, la pili D, la tatu A. Wanafunzi huweka alama ya vema au ya kosa, hujumlisha na kuendelea na karatasi nyingine. Zoezi la aina hiyo lina faida zake. Mtoto huzoea muda, huzoea fomu ya kujibia na huondokana na hofu. Lakini anayejua kwamba jibu ni B bila kujua kwa nini A ni kosa, hana cha kubeba kwenda kwenye swali jipya. Baadhi hukariri hata herufi za majibu ya karatasi za zamani, jambo linalopandisha wastani wa majaribio na kuwapa wazazi matumaini yasiyo na msingi.

Zoezi lenye tija zaidi halihitaji fedha. Mwanafunzi huandika sentensi yenye kosa, hueleza kwa Kiswahili kanuni iliyovunjwa, huiandika upya ikiwa sahihi, kisha hutunga sentensi mbili zake mwenyewe kwa kanuni hiyohiyo. Sentensi tano kwa siku zinatosha. Kueleza kwa Kiswahili si udhaifu. Mtoto aliyeweza kusema "kwa Kiingereza kitenzi cha mtu mmoja ndicho kinachochukua s" ameikamata kanuni, na ataitambua popote itakapojificha. Ugumu uliopo ni wa kweli na haufai kupuuzwa: katika darasa lenye wanafunzi wengi, mwalimu mmoja hawezi kusahihisha daftari zote kila siku. Wanafunzi kubadilishana daftari na kusahihishana, huku mwalimu akipitia sampuli chache, kunapunguza mzigo huo ingawa hakuuondoi.

Kwa upande wa takwimu na mifano, walimu na wazazi hawana sababu ya kubahatisha. NECTA huandaa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zinazoonyesha maswali yaliyojibiwa vibaya na jibu gani potofu lilivuta wengi. Taarifa hizo hupatikana katika tovuti ya Baraza. Ni nyaraka zinazostahili kusomwa zaidi kuliko zinavyosomwa sasa, kwa kuwa jibu potofu lililochaguliwa na wengi humweleza mwalimu mahali hasa pa kuanzia Jumatatu asubuhi.

Jambo jingine ambalo wazazi hulisahau katika joto la uchaguzi ni kwamba alama za Septemba ni mwanzo tu. Januari inayofuata mwanafunzi huingia Kidato cha Kwanza, ambako kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Biolojia, Jiografia na Historia zote zitamjia kwa lugha hiyo, na maswali yatamtaka aandike aya, wala si kuchagua herufi. Yule aliyepata nafasi Tabora Wavulana kwa kukariri herufi za majibu ataketi jirani na aliyeielewa kanuni, na tofauti yao itajitokeza kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Vivyo hivyo kwa wengi zaidi watakaokwenda sekondari za kutwa za kata, ambao hawakuchaguliwa vipaji maalumu lakini watafundishwa kwa lugha ileile na kufanya mitihani ileile ya Taifa.

Mabadiliko ya mitaala yaliyoanza kutekelezwa Januari 2024 yanagusa suala hili moja kwa moja. Mitaala iliyoanza mwaka 2015, kwa nia njema ya kuimarisha kusoma, kuandika na kuhesabu, ilisogeza somo la Kiingereza hadi darasa la tatu; mitaala mipya inalianzisha darasa la kwanza. Aidha, elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Kwa utaratibu uliotangazwa, wanafunzi walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la darasa la saba litamaliza, na makundi hayo mawili yataingia Kidato cha Kwanza pamoja mwaka 2028.

Wazazi wenye watoto katika makundi hayo wanashauriwa kufuatilia matangazo ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, ya TAMISEMI na ya NECTA kuhusu upimaji na uchaguzi wa mwaka huo. Watoto waliosajiliwa darasa la kwanza Januari 2024 chini ya mitaala mipya watamaliza darasa la sita mwaka 2029, na hapo ndipo itakapoonekana kama miaka miwili ya ziada ya Kiingereza imepunguza idadi ya wanaochagua "The boys plays".