KARATASI YA CHOONI

Msomaji akisimama Forodhani jioni, mgongo ameupa Ngome Kongwe na uso ameuelekeza baharini, huwa yuko baina ya jela mbili. Nyuma yake ipo ngome ambayo katika karne ya 19 ilitumika kufungia watu. Na neno gereza lenyewe tumelipokea kwa Mreno, ambaye kwake lilikuwa kanisa, likaja kuwa ngome, kisha ngome ikawa kifungo. Mbele yake, ng'ambo ya maji, kipo kisiwa cha Changuu, ambako Lloyd Mathews alijenga jela mwaka 1893. Jela hiyo haikupata kufunga wahalifu; iligeuzwa kuwa karantini ya wasafiri. Leo kote kuwili huingia watalii na kamera zao.

Sisi leo twaandika juu ya wale ambao hawakuingia kwa kutazama. Twataka kusema juu ya werevu wa mfungwa, jambo ambalo watu hulisimulia barazani kwa kicheko, nalo khasa si la kuchekewa tu.

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka wenye jina la swali: Kenya: Twendapi? Jibu alilopewa ni kifungo cha miaka mitatu. Alitengwa peke yake, akanyimwa karatasi na kalamu. Lakini hakuna kanuni ya jela iliyopata kumnyima mtu karatasi ya chooni, na juu ya karatasi hiyo ndipo alipoandika tungo zake kwa siri. Alitoka mwaka 1972. Mwaka uliofuata tungo hizo zikatoka kitabuni kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye chini ya utawala wake mwandishi alifungwa. Tungo za choo cha Kamiti sasa husomwa vyuoni.

Katika jela hiyo hiyo ya Kamiti, mwaka 1978, Ngugi wa Thiong'o aliandika riwaya yake ya Kigikuyu, ambayo twaijua kwa Kiswahili kuwa ni Shetani Msalabani, naye vile vile juu ya karatasi za chooni. Mwenyewe amesimulia kuwa karatasi zile zilikuwa ngumu na za kukwaruza, kama kwamba zimechaguliwa kumwadhibu mfungwa. Kumbe ugumu ule ndio uliozifaa kwa kalamu. Askari walipopekua chumba wakazichukua. Baadaye mkubwa wa jela akamrudishia, akisema hakuona kosa ndani yake, ila Kigikuyu chake ni kigumu mno. Basi kazi ya miezi iliponea kwa uungwana wa mtu mmoja, wala si kwa kanuni.

Kabla yao walikuwako waliozuiliwa wakati wa Mau Mau. J.M. Kariuki, katika kitabu chake cha mwaka 1963, ameeleza jinsi barua za malalamiko zilivyovushwa kwa siri mpaka kuwafikia wakubwa wa London, naye akaadhibiwa kwa ajili yake. Ameeleza pia juu ya khabari katika kambi ya Manyani. Waliopelekwa kazini nje ya seng'enge walitega masikio, na waliporejea, yale waliyoyapata yalitangazwa kwa mdomo: yaliyo ya hakika yaliitwa Manyani Times, na ya uvumi yakaitwa Waya Times. Sisi wahariri twalionea wivu gazeti hilo. Halikuwa na karatasi, wala mtambo, wala matangazo ya biashara, na bado liliwatenganishia wasikilizaji wake khabari na uvumi, kazi ambayo magazeti mengi yenye mitambo mizuri yameshindwa kuifanya.

Na huko kisiwa cha Robben, Afrika ya Kusini, wafungwa waliokota vibiriti vilivyotupwa na askari, wakavitia kitako cha pili, na baina ya vitako viwili wakaweka ujumbe. Mandela alipoandika khabari za maisha yake, wenziwe walizinakili kwa maandishi madogo mno, na Mac Maharaj akatoka nazo mwaka 1976. Asili yake ilifukiwa bustanini, ikafukuliwa mwaka 1977 ukuta ulipokuwa ukijengwa. Adhabu yake ikawa kunyimwa ruhusa ya masomo kwa miaka minne.

Hapa huenda msomaji akajifariji kuwa hayo yote ni ya majirani na ya makaburu. La hasha. Baada ya Mzee Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, watu wengi wa visiwa hivi waliingia kizuizini. Adam Shafi alikuwa mmoja wao, na mwaka 2003 akatuandikia Haini, riwaya iliyomfungulia msomaji mlango wa jela ya Unguja. Abdulrahman Babu alizuiliwa bara mpaka mwaka 1978, na huko kifungoni ndiko alikoandika kitabu chake juu ya ujamaa wa Afrika, kilichotoka mwaka 1981. Katika kila jela tuliyoitaja, kilichowindwa kwa bidii kubwa kilikuwa ni maandishi.

Sasa tuseme tunaloliona. Si kila werevu wa jela ni wa kusifiwa. Anayepenyeza unga, kisu au bangi hamtafutii mwenziwe uhuru, humtafutia maradhi. Lakini kanuni inapoharamisha kisu na kalamu ya risasi kwa pamoja, vitu hivyo viwili hulazimika kupita njia moja, na mwenye kuijua njia hiyo huwa tajiri. Mama anayetaka barua yake imfikie mwanawe hutafuta askari wa kumhonga. Askari aliyekwisha kula fedha za barua, kesho hana uso wa kukataa fedha za unga. Askari naye ni mfanyakazi mwenzetu, mwenye mshahara wa kuhesabika na watoto wa kusomesha. Kumwekea kanuni ambayo moyo wake mwenyewe hauoni maana yake ni kumtia majaribuni kila siku ya kazi.

Huku Zanzibar tumeliacha neno jela katika mambo ya serikali, tukasema Chuo cha Mafunzo. Jina hilo ni zuri, nasi hatulidhihaki. Ila chuo kina dasturi zake: kina daftari, kina kalamu, kina rafu ya vitabu, na mwanafunzi wake huandika kwao. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zadai si zaidi ya hayo: mfungwa aandikiane barua na jamaa zake, apate khabari za dunia, na kila jela iwe na maktaba. Mahabusu, ambaye bado hajahukumiwa kwa lolote, astahili hayo kabla ya mwingine yeyote.

Kwa hiyo twawaomba waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi, fungu la Vyuo vya Mafunzo litakaposomwa katika makadirio, wasiulize juu ya magari na sare peke yake. Waulize vitabu vingapi vimo rafuni Kilimani, barua huchukua siku ngapi kutoka mkononi mwa mfungwa hadi nyumbani kwao, na daftari moja la kurasa mia lina bei gani.