Kinga ya ng'ombe nayo ina gharama

WAFUGAJI wengi wa Bunda, Butiama na Musoma hujiuliza kama wauze ng'ombe wa kienyeji wenye maziwa kidogo na kununua chotara. Kabla ya kuamua, ni vema wakatazama yanayotokea porini.

Nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, inayopakana na Bunda, hubeba vimelea vya ndigana kali bila kuugua. Ng'ombe akiumwa na kupe aliyenyonya damu ya nyati huyo, anaweza kufa katika wiki chache.

Hata hivyo, kinga ya mnyama si ya bure. Mwili huijenga kwa chakula kile kile kinachotakiwa kuleta nyama, mimba na maziwa.

Mwaka 2010 watafiti wa kondoo wa Soay, wanaoishi bila kutunzwa na mtu katika visiwa vya St Kilda huko Scotland, walitoa matokeo yanayothibitisha hilo. Kondoo wenye kinga kali walihimili zaidi majira magumu ya baridi, lakini walizaa kidogo kila mwaka. Wenye kinga hafifu walizaa zaidi, wakafa mapema.

Ng'ombe wa kienyeji wa Mara naye amechujwa na kupe, minyoo na ukame kwa vizazi vingi. Ng'ombe wa maziwa wa Ulaya alichaguliwa kwa wingi wa maziwa, mahali ambapo ndigana kali haipo.

Kwa maana hiyo, anayenunua chotara huihamisha gharama ya kinga kutoka mwilini mwa ng'ombe kwenda mfukoni mwake. Atalipia dawa ya kuogesha, dawa ya minyoo, chanjo na malisho bora. Fedha za maziwa zisipotosha kulipia hayo yote, ni hasara.

Aidha, chanjo ya ndigana kali ipo na inasaidia, lakini utafiti uliofanyika Laikipia, Kenya, ulionyesha kuwa ng'ombe waliochanjwa waliendelea kufa walipochungwa pamoja na nyati.

Chotara basi anamfaa zaidi mfugaji aliye karibu na soko la maziwa la mjini Musoma, anayeweza kumlisha bandani. Anayechunga jirani na hifadhi abaki na wa kienyeji, awaogeshe, awaepushe na malisho ya nyati, na achague dume kutoka kwa mama mwenye maziwa aliyevumilia maradhi.